Fimbo ya Mbali

Mwanangu,

Jumatatu asubuhi utakabidhiwa ufunguo wa chumba cha seva. Pamoja nao utapewa nywila ambayo, ukiiandika kwenye kompyuta moja hapa Dar es Salaam, unaweza kubadili jambo kwenye kompyuta 140 kwa mkupuo mmoja: ya mhasibu wa ghorofa ya pili, ya karani wa forodha kule Tunduma, ya yule anayeandikisha malori kwenye geti la bohari ya Kurasini. Hutainuka kitini, na wengi wanaozitumia hawatajua kama umepita.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Sisi tumepewa fimbo ya mbali inayoua. Nimeishika kwa miaka mingi, imeniokoa, na imenitisha zaidi ya mara moja. Cheti chako kimekufundisha namna ya kuirusha, na umefaulu vizuri, nimeona. Mimi nataka kusema nawe juu ya mkono unaoishika.

Nilipoanza kazi hapakuwa na fimbo. Nilikuwa na mkoba wa nailoni uliojaa sidii, na kila programu mpya ilipokuja nilizunguka meza kwa meza. Meza ya kwanza saa mbili asubuhi, ya mwisho saa kumi na moja jioni, na za Tunduma zilisubiri mpaka apatikane mtu anayepanda basi. Kila kompyuta ilikuwa na tabia yake. Hii ina dawa ya virusi iliyokwisha muda, ile haina kabisa kwa sababu mwenyewe aliiondoa akisema inamchelewesha, nyingine imejazwa michezo na watoto wakati wa likizo. Nilizijua moja moja kama mfugaji anavyojua mbuzi wake, na nilidhani kuzijua hivyo ndiko kuzilinda.

Mwisho wa mwaka 2008 kikaja kirusi kiitwacho Conficker. Wewe ulikuwa bado unasoma shule ya msingi. Kilipenya kwenye ufa wa Windows ambao Microsoft walikwisha kuutolea kiraka tarehe 23 Oktoba mwaka huohuo. Sisi kiraka hatukukiweka. Intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti, nyembamba na ghali. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, na kabla ya hapo kila kilichoshushwa kilihesabiwa. Kompyuta 40 kila moja ikijivutia masasisho yake peke yake, ofisi isingeweza kutuma hata barua pepe. Kwa hiyo masasisho niliyazima mimi mwenyewe, kwenye kila kompyuta, kwa nia njema kabisa.

Kirusi kiliingia kwa flashi iliyotoka kuchapisha nyaraka steshenari. Kabla ya adhuhuri watu wakaanza kuniita: akaunti zimefungwa, nywila zinakataliwa. Sikuelewa. Baadaye ndipo nilipojua kwamba Conficker hubisha kwenye kila kompyuta ya jirani kikijaribu orodha ya nywila nyepesi, 123456 na ndugu zake, na kubisha huko kwa wingi ndiko kulikofunga akaunti za watu. Nywila ya msimamizi kwenye kompyuta zetu zote ilikuwa moja, na ilikuwa nyepesi, kwa sababu nilihitaji kuikumbuka nikiwa nimeinama chini ya meza.

Nilisafisha kwa siku tatu. Nikifika ya ishirini, ya pili imekwisha kuambukizwa tena. Hata tovuti za watengeneza dawa kirusi kilizizuia zisifunguke. Usiku wa tatu nikaenda kwenye swichi nikachomoa waya mmoja mmoja mpaka taa zote za kijani zikazimika, nikakaa sakafuni. Hapo ndipo nilipoona kosa langu lote. Zile hazikuwa kompyuta arobaini. Ilikuwa nyumba moja yenye milango arobaini, nami nilikuwa nafunga mlango mmoja huku thelathini na tisa iko wazi, kisha nashangaa mwizi anatokea wapi.

Tangu siku ile nimefanya kazi kwa kuitazama nyumba nzima. Na nyumba nzima haitazamwi kabla haijahesabiwa.

Kwa hiyo wiki yako ya kwanza usiguse mpangilio wowote, hata ukiona ninachokifanya ni cha kizamani. Hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika jina la kila kompyuta, ilipo, anayeitumia, toleo la mfumo wake, programu zilizomo, na siku iliyozungumza na seva kwa mara ya mwisho. Seva itakupa orodha hiyo kwa dakika moja, na orodha ya seva ni ya kweli kwa zile ambazo seva inazijua. Ukishaichapisha, vaa viatu vya kutembelea.

Mwaka 2014, Windows XP ilipofikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 8 Aprili, seva iliniambia tumebakiwa na XP sita. Kwa miguu nilipata tisa. Mojawapo ilikuwa chini ya meza ya stoo, imefunikwa kanga isiingie vumbi, inaendesha mizani ya kupimia mizigo. Hakuna aliyeijua nywila yake wala aliyekumbuka ilikuja lini. Ilikuwa imechomekwa kwenye mtandao uleule unaopitisha mishahara. Seva isingeweza kuilinda kwa kuwa haikujua kama ipo, ilhali mwizi akiingia hasomi daftari letu. Anagonga anwani zote na kusikiliza ipi inaitika. Ile ya mizani ingeitika.

Leo tuko palepale na Windows 10, ambayo huduma yake ya kawaida ilifikia kikomo tarehe 14 Oktoba 2025. Zile zisizo na chipu ya usalama inayodaiwa na Windows 11 nimeziwekea alama nyekundu kwenye daftari. Usikubali kuambiwa bado zinafanya kazi. Hata ile ya mizani ilikuwa inafanya kazi.

Sasa kuhusu fimbo yenyewe. Tangu Windows 2000 kuna Active Directory, daftari la watu na mashine, na umeisoma, kwa hiyo sitakuchosha. Nataka tu uishike picha moja sawasawa, maana nimeona vijana wengi wakiikosea. Wanadhani seva husimama katikati ikatoa amri kwa sauti, na kompyuta zote zikaitikia kwa pamoja. Kinyume chake ndiyo kweli. Kila kompyuta huja yenyewe kuuliza, "Kuna agizo jipya?" Huuliza inapowashwa, kisha kila baada ya dakika 90, pamoja na dakika chache za kubahatisha, hadi 30, ili zote zisifike mlangoni kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ukibadili sera saa tatu asubuhi, usimpigie karani simu saa tatu na robo kumuuliza kwa nini kwake hakujabadilika.

Na kuna kubwa zaidi ndani ya picha hiyo. Kompyuta iliyozimwa haikuja kuuliza. Ya Tunduma ambako umeme umekatika haikuja. Mpakato wa ofisa mauzo aliye safarini Lubumbashi haukuja. Skrini yako itasema umeagiza, na kwa kweli umeagiza, lakini agizo limelala mlangoni likisubiri mtu wa kulichukua. Nimewahi kumwambia mkurugenzi mbele ya bodi kwamba kompyuta zote zimewekewa kiraka fulani, na nilimaanisha kwamba nimeagiza ziwekewe. Kumi na moja hazikuwa nacho. Hakuna aliyeumia safari ile, lakini kila nikikumbuka sentensi ile naona haya. Kila asubuhi, kabla ya chai, fungua ripoti ya zilizotii, uanze kusoma kutoka mwisho, kwa zile ambazo hazijatii.

Uzito wa jambo hili dunia iliuona mwaka 2017. Tarehe 14 Machi Microsoft walitoa kiraka cha ufa ulioko kwenye njia ambayo kompyuta za Windows hutumia kushirikiana mafaili. Mwezi Aprili kundi lililojiita Shadow Brokers likaanika hadharani silaha ya kupitia ufa huohuo. Tarehe 12 Mei, siku ya Ijumaa, kirusi kiitwacho WannaCry kikatoka: hufunga mafaili yako kisha hudai dola 300 za Bitcoin. Kuanzia kiraka hadi shambulio ni siku 59. Kwa siku 59 dawa ilikuwa mkononi. Zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliambukizwa, na huko England takriban thuluthi moja ya mashirika 236 ya huduma ya afya ya umma yaliathirika. Miadi ya wagonjwa ilifutwa kwa maelfu, magari ya wagonjwa yakaelekezwa hospitali nyingine. Watu wengi hadi leo huilaumu XP. Ukaguzi wa serikali yao ulionyesha kwamba nyingi ya zilizoambukizwa zilikuwa Windows 7, toleo ambalo lilikuwa bado linahudumiwa na kiraka chake kilikuwepo. Mtu hakuagiza, au aliagiza na asifuatilie kama ameitikiwa.

Ninapokuambia usipoziba ufa utajenga ukuta, naomba usiisikie kama methali ya darasani. Fikiria mtu amelala kwenye kitanda cha magurudumu akisubiri kupasuliwa, na skrini ya daktari imegeuka nyekundu.

Viraka vyetu hushushwa mara moja na seva, kisha seva huvigawa kwa wengine, kama chungu kimoja kinavyopakuliwa kwa wengi. Mkongo upo sasa, lakini tawi la Tunduma bado lina intaneti nyembamba, kwa hiyo kule nimeweka kompyuta moja inayowapokelea wenzake. Jambo la kuangalia ni saa. Tarehe 20 ya mwezi ni siku ya ritani za VAT. Tangu tarehe 17 usiguse kompyuta za uhasibu. Meli ikiwa imefunga gatini na makarani wako kwenye mfumo wa forodha, subiri. Mtu akipoteza kazi ya saa mbili kwa sababu kompyuta yake imejizima na kujiwasha mbele ya macho yake, kesho yake atatafuta namna ya kukukwepa, na ataipata. Sera inayochukiwa na watu kumi ina matundu kumi. Wakati mwingine nilikwenda kwa mama wa uhasibu nikamuuliza tu: "Mama, Alhamisi saa kumi jioni itakufaa?" Alinijibu mara zote. Kompyuta zake ndizo zilizokuwa safi kuliko zote ofisini.

Hakuna jambo litakalokugombanisha na watu kama haki za usimamizi. Kila mtu anataka awe bwana wa kompyuta anayoitumia, aweke programu aitakayo, abadili atakacho. Usikubali. Kirusi kikimnasa mtumiaji, kwa kawaida huanza na uwezo alio nao mtumiaji huyo. Akiwa mtu wa kawaida, kimepata chumba kimoja. Akiwa msimamizi, kimepata nyumba.

Mkurugenzi aliwahi kuniita akaniambia: "Kampuni ni yangu, kompyuta ni yangu, nipe haki zote." Sikumweleza habari za virusi, angeona namtisha. Nilimwambia, "Mzee, fedha zilizo kwenye sefu ni zako pia, lakini hata wewe ukizitaka unasaini vocha, na mhasibu anabaki na nakala." Alinyamaza, akaniambia nitoke. Baada ya majuma mawili alinipigia mwenyewe akiomba programu fulani iwekwe, kwa utaratibu. Wakubwa wanaielewa vocha, kwa hiyo zungumza nao kwa lugha ya vocha.

Wewe mwenyewe zipunguze haki hizo kwako kwanza. Utakuwa na akaunti mbili: moja ya kusomea barua pepe na kuandikia, yenye uwezo sawa na wa karani yeyote, na nyingine ya usimamizi inayodai uthibitisho wa hatua mbili. Ile ya pili usiifungulie kamwe kwenye kompyuta ya mtu, hata ukiwa na haraka, hata ikiwa ni kwa dakika mbili za kurekebisha printa. Na nywila ya msimamizi wa ndani ya kila kompyuta iwe tofauti na ya jirani yake. Microsoft wana zana ya kazi hiyo tangu 2015, inaitwa LAPS. Hubadilisha nywila hizo yenyewe kwa ratiba na kuzihifadhi mahali unapoweza kuzisoma. Laiti ningekuwa nayo 2008.

Sababu ya ukali wangu hapa ni mkasa wa Maersk, ambao nataka uujue kwa kirefu kwa sababu sisi tunaishi kwa meli.

Tarehe 27 Juni 2017, wiki sita tu baada ya WannaCry, ilitoka silaha nyingine iliyopewa jina NotPetya. Ilianzia Ukraine, ndani ya sasisho la programu ya uhasibu iitwayo M.E.Doc. Mwandishi Andy Greenberg, aliyeufuatilia mkasa huu kwa makini, alieleza kwamba ofisi ya Maersk kule Odessa ilikuwa na programu hiyo kwenye kompyuta moja. Moja tu. NotPetya ilijua kupitia ufa uleule wa WannaCry, lakini ilijua pia kunyonya nywila zilizobaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Msimamizi akiwa amepita hapo na kuacha alama ya nywila yake, kirusi huivaa nywila hiyo na kuingia kwenye kompyuta nyingine kama msimamizi halali, hata zile zilizowekewa viraka vyote. Kilichokuwa fimbo ya kulindia kikawa ngazi.

Ndani ya muda mfupi sana mtandao wa kampuni iliyokuwa kubwa kabisa ya usafirishaji wa makontena ulilala. Malori yalipanga foleni kwenye mageti ya bandari, hakuna aliyeweza kusema kontena lipi lina nini. Mwenyekiti wao alieleza baadaye kwamba walilazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi. Hasara ilikadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Lakini kilichonikalia moyoni ni Ghana. Maersk walikuwa na seva zipatazo 150 duniani zenye lile daftari la watu na mashine, Active Directory, na kila moja ilikuwa nakala ya nyingine. Walijiona salama kwa wingi huo. Hawakuwa wamefikiria siku ambayo zote zitafutwa kwa pamoja, kwa sababu nakala zilizounganishwa huambukizana kama watoto waliolala kitanda kimoja. Zilifutwa zote, isipokuwa moja: ya ofisi ya Ghana, ambako umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio, na seva ikawa imetoka kwenye mtandao. Kukatika kwa umeme, jambo tunalolilalamikia kila juma, ndiko kulikoiokoa. Intaneti ya pale ilikuwa nyembamba mno kutuma data ile Uingereza, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza, basi mmoja akapanda ndege hadi Nigeria na diski mkononi, akamkabidhi mwenzake, naye akaipeleka kwa ndege hadi London.

Sisi hatutasubiri umeme ukatike. Kila Ijumaa saa tisa alasiri diski ya nakala inachomolewa, inawekwa kwenye mfuko wa kijivu, inakwenda kwenye sefu ya Kurasini, na ya juma lililopita inarudi. Wenzako watakuambia siku hizi nakala zinakaa mawinguni, na ni kweli, ziko huko pia. Endelea kuchomoa. Na kila mwezi chagua faili moja bila mpango, lirudishe kutoka kwenye nakala, ulifungue, ulisome kwa macho. Niliwahi kuhifadhi kwa miezi minane nikiona alama ya kijani kila asubuhi, na siku diski ya uhasibu ilipokufa nikakuta programu ilikuwa inaliruka faili la hesabu kila usiku kwa sababu lilikuwa wazi. Tuliziandika upya hesabu za miezi minane kutoka kwenye risiti za karatasi, watu wanne, mpaka sikukuu. Mmoja wao alikuwa na mtoto mchanga nyumbani.

Sasa niseme juu ya kuiogopa fimbo. Neno kuogopa nimelichagua.

Tarehe 2 Julai 2021 wezi waliingia kwenye zana iitwayo Kaseya, ambayo kampuni za TEHAMA hutumia kusimamia kompyuta za wateja wao kwa mbali. Wakaitumia kwa kazi ileile iliyoundiwa: kupeleka programu kwa kompyuta nyingi kwa pamoja. Safari hii programu yenyewe ilikuwa ya kudai fidia. Kule Sweden maduka ya Coop yapatayo 800 yalifunga milango kwa sababu mashine za malipo hazikufanya kazi, na Coop wenyewe hawakuwa wateja wa Kaseya moja kwa moja. Aliyewahudumia mashine ndiye aliyekuwa nayo. Kwa hiyo ukitafuta kitu cha thamani kubwa kuliko vyote kwenye mtandao wetu, usitazame hesabu za benki. Tazama kompyuta yako. Seva ya usimamizi isifikike kutoka nje, iwe na watu wawili tu wenye kuiingia, na kumbukumbu zake zisomwe na mtu asiye wewe. Utamwomba mkaguzi wa ndani azisome, na wala usione umedharauliwa.

Halafu kuna siku ambayo hakuna mwizi kabisa. Tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma faili lenye kasoro kwa wateja wake dunia nzima. Lilikaa hewani dakika 78. Kompyuta milioni 8.5 zikageuka skrini ya bluu, zikawa zinajiwasha na kuanguka, zinajiwasha na kuanguka. Shirika la ndege la Delta pekee lilifuta safari takriban 7,000 katika siku zilizofuata. Hawa walikuwa walinzi, wenye ujuzi kutuzidi mimi na wewe, na nia yao ilikuwa safi kama yangu ya 2008.

Angalia kilichotokea baadaye. Kompyuta isiyowaka haiji kuuliza kama kuna agizo jipya. Zana zote za mbali zilikosa pa kushika. Mafundi walitembea meza kwa meza kufuta faili lile moja kwa mkono, na zile ambazo diski zake zilifungwa kwa BitLocker zilidai ufunguo wa tarakimu 48, ambao kampuni nyingine zilikuwa zimeuhifadhi kwenye seva zilizoanguka pamoja nazo. Siku ile wahenga walikuwa sahihi kabisa.

Kwa hiyo usirushe kitu chochote kwa kompyuta zote 140 kwa mara ya kwanza. Kianze kwenye tano, na mojawapo iwe ya kwako. Kikae siku mbili. Kisha ishirini, ukichanganya za kila idara. Kisha nyingine. Mtu akikuharakisha mweleze habari ya dakika 78. Kuna bahasha ya kaki kwenye sefu yenye funguo zote za BitLocker, zimechapishwa kwenye karatasi. Uichapishe upya kila robo mwaka na ya zamani uichome mwenyewe. Na kwenye kila tawi pawe na mtu mmoja uliyemfundisha kuwasha kompyuta katika hali ya usalama, umfundishe kwa mikono yake na si kwa barua. Mara nyingi atakuwa karani mtu mzima ambaye hukutegemea. Mheshimu kama mwalimu mwenzako.

Limebaki moja ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha kazi yetu. Utaweza kufungua skrini ya mtu ukiwa hapa. Utaweza kusoma anachoandika. Mwaka fulani nilifungua skrini ya mfanyakazi bila kumwambia, nikitafuta chanzo cha kompyuta kuwa nzito, nikakuta barua ya hospitali yenye majibu yake. Hakujua hadi anastaafu. Mimi nilijua kila niliposalimiana naye kwenye ngazi, na nilikosa namna ya kumtazama. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na uisome, lakini adabu ya hodi ni ya zamani kuliko sheria hiyo. Piga simu: "Shikamoo mama, naomba kuingia kwenye kompyuta yako kwa dakika tano, funga unachotaka kufunga." Subiri akuambie karibu. Na mkubwa yeyote akikuagiza umchungulie mtu, mwambie kwa upole alete maandishi yenye sahihi yake na ya rasilimali watu. Katika miaka yangu waliniomba mara tatu. Maandishi hayakuja hata mara moja.

Daftari liko kwenye droo ya juu kulia. Bahasha iko kwenye sefu, rafu ya pili. Jumatatu ukifungua ripoti utaona kompyuta moja ya Tunduma, ya saba kwenye orodha yao, ambayo haijaja kuuliza kwa siku 23. Usiifute kwenye orodha na usipande basi kwanza. Mpigie karani mkuu wa pale, mwamkie, muulize habari za mpakani na malori, kisha muulize kompyuta ya saba iko wapi. Nadhani waliihamisha walipopaka rangi. Akiiona, mwombe aichomeke na kuiwasha, nawe ubaki kwenye simu mpaka uone jina lake limejitokeza kwenye skrini yako.